Jinsi ya kumfuatilia mchezaji wa skeitibodi kupitia matangazo ya majarida ya zamani

Anzia chini ya ukurasa. Picha kubwa ya mtu aliyeganda hewani juu ya ukingo wa bwawa imewekwa ikuteke macho, na itakuteka, lakini taarifa unazozitafuta zimo kwenye herufi ndogo: orodha ya timu, sanduku la posta, namba ya simu, alama ya hakimiliki na mwaka wake, na jina la mpiga picha ambalo mara nyingi huchapwa wima pembeni kiasi cha kupitwa na jicho. Anayeanza na picha huishia kusimulia hadithi ile ile ambayo kampuni ililipia isimuliwe. Anayeanza na herufi ndogo anaweza kujua mchezaji alikuwa na nani, tangu lini, alitumia vifaa gani, na wakati mwingine kwamba alikuwa mguu nje mguu ndani.

Maelezo haya yanahusu wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwisho wa miaka ya 1990, kipindi ambacho jarida la karatasi ndilo lililobeba habari zote za mchezo huu. Utahitaji lenzi ya kukuza mara 10, rula yenye inchi na milimita, skana bapa, jedwali la kompyuta au daftari, na penseli laini. Kalamu ya wino ikae chumba kingine.

Kwanza, jarida lenyewe ni la nani?

SkateBoarder lilianza mwaka 1964 likiitwa The Quarterly Skateboarder, likatoa matoleo machache na kuzimika mwaka 1965. Lilifufuka mwaka 1975, magurudumu ya yurethani (aina ya plastiki) yalipouamsha mchezo, na mwaka 1980 likageuzwa kuwa Action Now, jarida la michezo mchanganyiko. Humo ndimo utakamozikuta kampuni za Logan Earth Ski, Gordon & Smith, Sims, Dogtown na Alva ya mwanzo. Ukimtafuta Tony Alva wa mwaka 1977, alipoanzisha kampuni yake mwenyewe, usipoteze muda kwingine.

Thrasher lilitoka San Francisco mwezi Januari 1981. Walioliasisi, Fausto Vitello na Eric Swenson, walikuwa tayari wakitengeneza traki za Independent tangu 1978. (Traki ni ile ekseli ya chuma inayofungwa chini ya ubao na kubeba magurudumu; kila ubao una mbili.) TransWorld Skateboarding lilifuata mwaka 1983, likitoka kwa watu wa traki za Tracker, akiwemo Larry Balma. Yaani majarida makubwa mawili ya miaka ya 1980 yalikuwa na undugu na kampuni mbili zilizokuwa zikigombea wateja wale wale. Yote mawili yalipokea matangazo ya kila mtu, ila usije ukatangaza kwamba fulani "alipotea" mwaka 1985 kwa kuwa tu hukumwona kwenye jarida moja. Fungua na la pili.

Mwaka 1992 Steve Rocco wa kampuni ya mbao ya World Industries aliongeza la kwake, Big Brother. Matangazo ya chapa zilizokuwa chini yake yamejaa humo, mengine ya kejeli kiasi kwamba hutajua kama jina lililotajwa ni la mchezaji wa timu au la mtu anayechekwa. Kwa matangazo ya aina hiyo weka sheria moja: jina halihesabiwi kuwa la timu mpaka lionekane kwenye orodha ya timu au kwenye ubao uliochapwa jina hilo.

Uingereza ilikuwa na jarida la R.A.D. tangu 1987. Tangazo la Marekani linaweza kujitokeza tena humo likiwa na anwani ya msambazaji wa Uingereza. Hilo ni ushahidi wa biashara kuvuka bahari. Usilitumie kama tarehe ya kwanza ya tangazo.

Jambo moja zaidi kabla ya kufungua kurasa. Mchezo huu uliporomoka kibiashara mara mbili ndani ya kipindi hiki: kati ya 1980 na 1983 hivi, na tena kati ya 1991 na 1993. Majarida yalikonda kwa sababu matangazo yalikuwa machache. Mchezaji asiyeonekana miaka hiyo huenda alikuwa akicheza kuliko wakati wowote. Aliyekosekana ni wa kulipia ukurasa.

Kuipa tarehe karatasi isiyo na tarehe

Kurasa nyingi zinazouzwa au kugawanywa zimeshakatwa jaridani. Hazina jalada, hazina mwezi. Hapa ndipo namba ya simu inapokuokoa, kwa sababu California iligawa misimbo yake ya simu (tarakimu tatu za eneo zinazotangulia namba) mara kwa mara na kila mgawanyo una mwaka unaojulikana.

San Diego na vitongoji vyake walikuwa kwenye 714 hadi 1982, walipopewa 619. Sehemu ya kaskazini ya kaunti hiyo ikahamia 760 mwaka 1997. Los Angeles yote ilikuwa 213. Bonde la San Fernando likapata 818 mwaka 1984, na upande wa magharibi na pwani ukapata 310 mwaka 1991. Mwaka huo huo Oakland na Berkeley zilitoka 415 kwenda 510. Santa Cruz, nyumbani kwa NHS wanaotengeneza mbao za Santa Cruz, ilikuwa 408 hadi 1998 ilipobadilika kuwa 831. Nje ya California, Dayton ya Ohio, walikokuwa kampuni ya mbao ya Alien Workshop, ilitoka 513 kwenda 937 mwaka 1996. San Francisco yenyewe ilibaki 415, na Santa Barbara ilibaki 805 kipindi chote, hivyo namba ya Powell Peralta, kampuni ya mbao ya huko, haitakusaidia chochote hapa.

Zingatia upande ambao ushahidi huu unaelekea. Msimbo mpya unathibitisha kwamba tangazo halikutoka kabla ya mwaka wa mgawanyo. Msimbo wa zamani hauthibitishi kwamba lilitoka kabla, kwa sababu kampuni za simu za Marekani ziliacha misimbo yote miwili ifanye kazi kwa miezi kadhaa, na kampuni iliyokuwa na filamu ya kuchapia tayari haikuona sababu ya kulipia nyingine kwa ajili ya tarakimu tatu. Andika "si kabla ya 1991", usiandike "1991". Anwani ya intaneti inafanya kazi kwa mtindo huo huo: ikionekana, uko katikati ya miaka ya 1990 au baadaye.

Baada ya simu, pima ubao. Katikati ya miaka ya 1970 mbao nyingi zilikuwa na upana wa inchi 6 hadi 7. Kufikia 1979 zilifika inchi 10, na miaka ya 1980 ikazishikilia hapo: upana wa inchi 10, urefu wa inchi 30 hivi, mkia mpana uliopinda juu na pua fupi isiyo na kazi kubwa. Mwaka 1989 pua ilianza kurefuka na kupinda. Kati ya 1992 na 1994 zikabadilika kabisa: inchi 7.5 hadi 8, pande sambamba, pua na mkia karibu sawa. Hata picha iliyofifia inaonyesha tofauti hii.

Ubao ukionekana tumbo, tazama boliti. Traki za zamani zilikuwa na matundu yaliyoachana inchi 2.5 kwa urefu; mwanzoni mwa miaka ya 1990 nafasi hiyo ilipungua hadi inchi 2.125. Huwezi kuipima moja kwa moja kwenye picha, ila unaweza kuilinganisha na upana wa matundu hayo hayo, ambao ni inchi 1.625 kwenye mifumo yote miwili. Urefu ukigawanywa kwa upana ukatoa 1.5 na zaidi, ni mfumo wa zamani, ukitoa 1.3, ni mpya. Fanya hivyo kwa picha iliyopigwa ubao ukiitazama kamera uso kwa uso. Ikiwa imepigwa kwa upande, au kwa lenzi pana ya jicho la samaki ambayo wapiga picha wa mchezo huu waliipenda mno, hesabu itakudanganya bila haya.

Magurudumu nayo yanasema. Miaka ya 1980 yalikuwa na kipenyo cha milimita 60 hadi 66. Mwaka 1992 na 1993 yalishuka chini ya milimita 45, mengine yakakaribia 40, madogo kiasi cha kukwama kwenye ufa wa saruji. Baadaye yakarudi kwenye 50 na kitu. Plastiki za ziada (reli chini ya ubao, kinga ya pua, kinga ya mkia) zilijaa kwenye matangazo ya miaka ya 1980 na kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wachezaji walipotaka mbao nyepesi za kurusha na kuzungusha kwa miguu.

Viatu ni kalenda nyingine. Airwalk ilianza mwaka 1986. Vans ilitoa kiatu cha Steve Caballero mwaka 1989, kirefu cha kufunika kifundo. Wachezaji wakakikata kwa mkasi, na mwaka 1992 kampuni ikakitoa kikiwa kimeshafupishwa, Half Cab. Kwa hiyo mchezaji aliyevaa Caballero iliyokatwa na kubandikwa utepe wa gundi yuko kati ya miaka hiyo miwili au baada yake kidogo. DC ni ya 1994, éS ya 1995, Emerica ya 1996.

Halafu kuna mtego wa alama ya hakimiliki. Chini ya tangazo la Santa Cruz au Powell Peralta utaona alama hiyo na mwaka, na wengi huandika mwaka huo jedwalini wakaridhika. Mara nyingi mwaka huo ni wa mchoro, wala si wa tangazo. Mchoro wa mkono unaopiga kelele, alioufanya Jim Phillips kwa Santa Cruz, ni wa 1985 na umeendelea kuchapwa kwa miongo. Vernon Courtlandt Johnson alichora mafuvu na mifupa ya Powell Peralta ambayo ubao mmoja uliweza kuyabeba miaka mingi mfululizo. Soma mwaka huo vile vile kama msimbo mpya wa simu: si kabla ya hapo. Alama hizi ni nyingi kwenye matangazo kwa sababu sheria ya Marekani haikuruhusu alama ya jarida zima kulinda tangazo la mtu mwingine. Mtangazaji alipaswa kuweka yake. Kuanzia tarehe 1 Machi 1989 alama ikawa ya hiari, kwa hiyo kukosekana kwake baada ya hapo hakuna maana yoyote.

Mwezi wa jalada unachelewa na unawahi kwa wakati mmoja

Jarida la Marekani lenye mwezi wa Mei jaladani lilishafika madukani kabla ya Mei. Mwezi ule humwambia muuza magazeti lini aliondoe rafuni. Wakati huo huo tangazo lililomo lilikabidhiwa wiki kadhaa kabla ya kuchapwa, na picha yake ilipigwa kabla ya hapo, pengine miezi mingi. Kwa kazi ya kawaida, rudisha picha nyuma miezi mitatu hadi sita kutoka mwezi wa jalada, na andika hiyo kama makadirio, kwenye safu yake tofauti.

Kosa linalovuruga mfululizo wa kazi ya mchezaji kuliko yote ni kuchukulia tangazo lililorudiwa kama habari mpya. Watangazaji walinunua nafasi za miezi kadhaa kwa mkupuo kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi, na filamu moja ilichapwa tena na tena. Mchezaji angeweza kuhama kampuni mwezi wa pili na sura yake ikaendelea kuuza mbao za kampuni aliyoihama hadi mwezi wa tano. Kinachokupa tarehe ni mara ya kwanza tangazo linapoonekana. Mara zinazofuata zinaonyesha bajeti tu.

Ndiyo maana kuna miezi ambayo mtu mmoja ana wadhamini wawili wa mbao ndani ya jarida moja. Usihangaike kutafuta jibu la ajabu. Tangazo jipya kabisa ndilo lenye ukweli wa siku hizo. La zamani ni mabaki.

Mike Vallely ni somo zuri la jambo hili. Alikuwa Powell Peralta, akitangaziwa ubao wenye mchoro wa tembo mwaka 1988. Mwaka 1989 alihamia World Industries na kutoa ubao uliochorwa wanyama wa shambani na Marc McKee, wenye pua na mkia vyote vimepinda. Mwaka 1990 alikuwa New Deal. Chapa tatu ndani ya miaka mitatu: ukipanga kwa mwezi wa jalada bila kutenganisha tangazo jipya na la kurudiwa, atakuwa na chapa mbili kwa wakati mmoja zaidi ya mara moja.

Sasa itazame picha

Tafuta kwanza kama imegeuzwa. Mbunifu wa ukurasa aliyetaka mchezaji aelekee kulia alipindua filamu tu, na mguu wa kushoto ukawa wa kulia. Angalia maandishi ya fulana, nembo ya kofia ngumu, namba ya nyumba ukutani. Kama hakuna maandishi, angalia msimamo. Tony Hawk husimama mguu wa kulia ukiwa mbele. Ukimwona na wa kushoto mbele anapoingia kwenye rampu, ama amefanya kwa makusudi kama ufundi mgumu zaidi, ama picha imepinduliwa. Andika "huenda imegeuzwa" na uendelee.

Jina la mpiga picha lina thamani kuliko watu wanavyolipa. Grant Brittain alipiga picha nyingi San Diego, akiwa na TransWorld. Mofo na baadaye Bryce Kanights walikuwa na Thrasher. Jina la mpiga picha aliyejulikana kuishi eneo fulani hukupunguzia orodha ya viwanja vya kukisia kutoka mia hadi vitano.

Mahali nako kuna tarehe. Del Mar Skate Ranch, uwanja uliomlea Hawk, ulifungwa mwaka 1987. Bwawa lake likionekana kwenye tangazo la 1989, kampuni ilichomoa picha ya akiba, na vifaa vilivyomo pichani ni vya miaka miwili nyuma au zaidi hata kama maandishi yanasifu bidhaa mpya. Mtindo wa kuruka pia unasaidia: Mike McGill alionyesha McTwist mwaka 1984, basi picha inayodai kuwa McTwist haiwezi kuwa ya 1983.

Kisha linganisha vifaa vilivyo pichani na vinavyouzwa. Hapa lenzi ya kukuza inalipa gharama yake. Tangazo la magurudumu linaweza kuonyesha mchezaji akiwa na traki za mpinzani wa kampuni dada; tangazo la ubao linaweza kuwa na nembo ya gurudumu iliyofunikwa kwa rangi nyeusi wakati wa kuandaa filamu. Ukiweka lenzi juu ya sehemu hiyo, vitone vya mchapo vinakatika ghafla na kuwa doa moja tupu lenye kingo za kisu. Hapo kuna mdhamini aliyefichwa. Mrudie mchezaji huyo kwenye matangazo ya traki na magurudumu ya miezi hiyo hiyo, na kwa kawaida utamkuta.

Baadhi ya matangazo hayana mchezo kabisa. Craig Stecyk aliitengenezea Powell Peralta kurasa ambamo wachezaji wa Bones Brigade, timu ya kampuni hiyo, wamesimama kwenye mazingira ya ajabu bila kupanda ubao wowote. Wengi huziruka wakidhani hazina data. Ni kinyume chake. Kila aliyepangwa pale alihesabiwa kuwa wa timu siku hiyo, na mpangilio wa miili huonyesha nani kampuni ilimweka mbele.

Jedwali, na namna ya kulijaza

Kila tangazo lipewe mstari wake. Safu zinazotosha: jarida, mwezi na mwaka wa jalada, ukurasa, ukubwa (ukurasa mzima, nusu, theluthi, jalada la nyuma), kampuni, bidhaa, majina pichani, majina kwenye orodha, mpiga picha, mahali, simu na anwani, jipya au la kurudiwa, makadirio ya tarehe ya picha, mashaka. Usichanganye majina ya pichani na ya orodhani. Ni ushahidi wa aina mbili.

Orodha ya timu ndiyo hazina. Mara nyingi ina ngazi mbili: wachezaji wa kulipwa juu, wa ridhaa chini, au majina ya ridhaa kwa herufi ndogo zaidi. Mchezaji anapopanda ngazi unamwona akihama mstari. Lakini kuingia rasmi kwenye kulipwa, kwa desturi ya mchezo huu, ni kutoka kwa ubao wenye jina lake, na hilo utalithibitisha kwa tangazo la ubao huo au orodha ya bei. Mfano Lance Mountain: kabla ya kumwona Powell Peralta lazima umtafute Variflex. Hawk naye alipitia Dogtown kama mchezaji wa ridhaa kabla ya kuingia kulipwa mwaka 1982 akiwa na miaka 14. Mark Gonzales yuko kwenye jalada la Thrasher la Novemba 1984 akiwa juu ya ubao wa Alva, kisha miaka yake mikubwa ni ya Vision, kisha mwaka 1989 anatokea na Blind, chapa ambayo jina lake ni dongo la wazi kwa waajiri wake wa zamani ("vision" ni kuona, "blind" ni kipofu).

Mchezaji mkubwa anapaswa kuwa na mistari kadhaa kwa mwezi mmoja. Hawk wa nusu ya pili ya miaka ya 1980 unamkuta kwenye ubao wa Powell Peralta, magurudumu ya Bones ya kampuni hiyo hiyo, traki za Tracker na viatu vya Airwalk. Ukipata mmoja tu, bado kuna kurasa hujazifungua. Na ukimwona mtu ana tangazo la viatu bila la ubao kwa muda mrefu, simama hapo: huenda amebaki kati ya chapa mbili, na kampuni ya viatu haikuwa na sababu ya kumficha.

Miaka ya kuanzishwa kwa chapa ikusaidie kukamata makosa. World Industries 1987, Blind 1989, New Deal na Alien Workshop 1990, Plan B 1991, Birdhouse na Stereo 1992, Girl na Toy Machine 1993, Chocolate 1994. Mstari wowote unaotangulia mwaka wa chapa yake una kosa la kunakili.

Wanawake watafute kwa makusudi, kwa sababu kurasa kubwa hazitakuletea. Laura Thornhill alikuwa na ubao wenye jina lake kutoka Logan Earth Ski katika miaka ya 1970. Baada ya hapo kurasa zikawa karibu za wanaume watupu kwa miaka mingi, hata kwa mtu kama Cara-Beth Burnside aliyekuwa akishindana, hadi Elissa Steamer alipopewa ubao na Toy Machine mwaka 1998. Katikati ya pengo hilo wako kwenye matangazo madogo ya robo ukurasa, ya nguo na pedi, na mara nyingi bila jina.

Kurasa za nyuma

Kurasa za maduka ya kuuza kwa posta, zenye picha za mbao kubwa kama stempu na bei zilizobanana, ndizo zinazochosha kuliko zote na ndizo zinazosema kweli kuliko zote. Skates on Haight na California Cheap Skates walitangaza kilichokuwa ghalani. Ubao ukishuka bei wakati wenzake wa kampuni hiyo hiyo hawajashuka, mchezaji wake ameondoka au yuko mlangoni. Jina likitoweka kwenye orodha mwezi mmoja baada ya punguzo, una jibu, hata kama tangazo la rangi la kampuni bado linamsifu.

Soma pia anwani ya kutuma pesa. Baadhi ya watangazaji waliongeza herufi za idara kwenye anwani, tofauti kwa kila jarida, ili wajue barua imetokana na tangazo lipi. Kwenye karatasi iliyokatwa, herufi hizo zinaweza kukuambia imetoka jarida gani.

Na kabla ya kununua toleo, geuza kurasa zote. Kuponi za kuagiza stika na katalogi zilikatwa kwa mkasi na vijana waliozituma, na kila kuponi iliyokatwa imetoboa tangazo lililo upande wa pili. Muuzaji atakwambia jarida "limekamilika" kwa kuwa kurasa zote zipo.

Skana na uhifadhi

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, rangi kamili, hata kwa tangazo la nyeusi na nyeupe. Hifadhi nakala mama kama TIFF. Sababu ya 600 ni vitone vya mchapo: jarida la karatasi nyororo limechapwa kwa mistari 133 hadi 150 kwa inchi, na ukiskani kwa 300 vitone vya jarida na vya skana vinagongana na kutoa mawimbi yanayoharibu nyuso na herufi ndogo. Ondoa vitone kwa programu baadaye, kwenye nakala, ndipo upunguze hadi 300. Skana nyingi zina kitufe cha kuondoa vitone wakati wa kuskani. Kizime, kwa maana hufuta pia ushahidi wa nembo zilizofichwa.

Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa. Bila hiyo, tangazo la upande wa pili hupenya kama kivuli, hasa kwenye Thrasher la miaka ya mwanzo lililochapwa kwenye karatasi ya gazeti. Karatasi hiyo ina lignini nyingi (kijenzi cha asili cha mti), hupata manjano na kukatika kwenye kunjo. Usijaribu kuifanya nyeupe kwa programu kwenye nakala mama.

Jarida lenye mgongo wa gundi lisikandamizwe kwenye kioo. Gundi ya zamani hupasuka na kurasa hutoka moja moja. Lifungue nyuzi 90 hadi 110 juu ya mito miwili na lipige picha kwa kamera iliyo sambamba na ukurasa. Tangazo la kurasa mbili kwenye jarida la pini litoe hivi: kama pini zina kutu na zimeshaanza kula karatasi, zifungue kwa kibanzi chembamba cha plastiki kutoka ndani, zinyooshe, vuta karatasi, skani pande mbili, unganisha. Kama pini ni nzima, ziache, kubali kivuli cha katikati.

Jina la faili liwe na jarida, mwaka, mwezi na ukurasa, kwa mpangilio huo: thrasher_1986_05_023. Majina ya wachezaji yakae jedwalini, kwa maana utagundua majina mapya miezi baadaye na hutataka kubadilisha majina ya faili elfu mbili.

Thrasher imeweka matoleo yake mengi ya zamani kwenye tovuti yake, na hapo pa kuanzia pasipo gharama hapashindiki. Kwa nakala zozote za mtandaoni, hesabu kurasa na ulinganishe na namba zilizochapwa, kwa sababu walioskani kwa ajili ya makala na mahojiano waliruka matangazo. Kabla ya kuchapisha picha ya tangazo mahali pengine, kumbuka kuna wenye haki wawili: kampuni iliyotengeneza tangazo na mpiga picha, ambaye huenda aliuza matumizi ya mara moja tu.

Karatasi zenyewe ziingie kwenye mifuko ya poliesta au polipropilini, na ubao wa kadi usio na asidi nyuma. Mifuko laini ya PVC inayonuka kama pazia jipya la bafuni hutoa asidi na kunata kwenye wino. Ukifungua baada ya miaka, sura ya mchezaji inabaki kwenye plastiki. Joto la nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 35 hadi 50 vinatosha, gizani, zikiwa zimelala. Zikisimamishwa bila kubanwa hupinda mgongo ndani ya mwaka mmoja, na ukurasa uliopinda hauskaniki vizuri tena.